Mgonjwa wa viungo anataka kuchuliwa mafuta, mimi namwambia mchanga wa moto. Mnawashikaje wagonjwa wa maradhi sugu?

DaktariMpya_Upanga

Wakuu, habarini. Nimesoma Ayurveda, tiba asili ya India, kulekule Jamnagar, Gujarat: miaka minne na nusu ya masomo na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Nimerudi Dar, nimesajiliwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, nina chumba kimoja Upanga. Dawa nazijua. Kinachonitoa jasho ni wagonjwa wa maradhi sugu.

Kule vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, akimwambia mtu acha mtindi usiku, acha kulala mchana, rudi baada ya wiki mbili, mtu anaitikia na kuondoka, maana bibi yake naye aliambiwa hivyohivyo. Hapa mtu kapanda daladala mbili kutoka Mbagala. Anataka aondoke na chupa.

Juzi kaja mama mpika maandazi. Vidole vimevimba mikono yote miwili, akiamka inapita saa nzima na zaidi kabla hajaweza kufunga khanga, ulimi una utando mweupe, hamu ya kula hana, mwili mzito. Kwetu hiyo ni amavata: chakula ambacho moto wa tumbo umeshindwa kukimaliza kinageuka uchafu unaoitwa "ama", na uchafu huo unakwenda kukaa viungoni. Haifanani na sandhivata, lile goti la mzee linalolia akipanda ngazi. Goti la mzee unalipaka mafuta. Amavata mwanzoni mafuta ni marufuku. Unaanza na chakula chepesi, maji ya moto ya tangawizi, na kukanda kwa mchanga mkavu uliokaangwa na kufungwa kitambaani. Zinafuata dawa chungu na kali, ndipo mafuta ya nyonyo ya kuharisha. Vitabu vya zamani vinasema amavata ni tembo na mafuta ya nyonyo ndiye simba wake, lakini hata huyo simba ana zamu yake.

Sasa yeye kaja kuchuliwa, kaona video. Nilipomtajia mchanga akaniuliza kama nilikwenda India kusomea kuuza mchanga. Na wala sikumuuzia, nilimwambia akauchote Coco Beach!

Nimemtuma pia akapime damu ya baridi yabisi. Mwenzangu mmoja anasema hapo nimejishusha. Mnamshikaje mtu huyu mwezi wa kwanza, kabla hajaona nafuu? Na mnatoza nini kama hakuna dawa?

MamaVaidya_Msa

Kijana wangu, hongera kwa kutomgusa na mafuta. Wangapi wanapaka tu kwa sababu mteja kalipia kupakwa.

Toza ada ya kumwona. Ukiishi kwa chupa, utauza chupa hata kwa asiyeihitaji. Halafu weka daftari. Mwandikie mbele ya macho yake: leo khanga imemchukua saa na robo. Wiki ya tatu atakuja analalamika hajapona, nawe utamfungulia aone imekuwa dakika arobaini. Maumivu ya mwezi uliopita watu huyasahau upesi sana. Na kama dakika hazikupungua, daftari litakusuta wewe, ubadilishe njia.

Lakini kuna jambo hukulisema. Mpika maandazi anaamka saa ngapi? Saa tisa usiku, anakanda unga kwa vidole hivyohivyo, na maji ya baridi. Umemwuliza nani nyumbani anaweza kumkandia? Kuondoa chanzo ndiyo tiba ya kwanza, walikufundisha. Usimpe tangawizi ukamwachia beseni la unga.

Na chakula, tafadhali, usimwandikie cha Gujarat. Choroko na wali laini, bizari nyembamba, tangawizi, basi. Kama ni mwembamba au anameza dawa za sukari, kufunga usimwambie kabisa, sukari itamshuka aanguke karaini.

Mfamasia_Kigoma

Mimi ni mfamasia na hiyo "ama" yenu siiamini, niseme wazi. Ila huyo mwenzako anayesema kipimo kinakushusha, usimsikilize. Kama ni ile baridi yabisi ya kinga ya mwili kujishambulia, anatakiwa aanze methotrexate, dawa ya hospitali ya kutuliza kinga, mapema, maana kiungo kikishaliwa hakirudi. Akiandikiwa, msisitizie: mara moja kwa WIKI. Kuna watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Na dawa hiyo inahitaji ini lipimwe mara kwa mara, kwa hiyo usimchanganyie mmea wenu wa ashwagandha, kuna ripoti za ini kuumia. Urukususu mnaoupenda unapandisha presha. Karela na uwatu juu ya glibenclamide, dawa ya kisukari, vinashusha sukari kupita kiasi.

Na bhasma zenu, zile dawa za majivu ya madini? Mwaka 2004 watafiti walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa Boston, 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki.

DaktariMpya_Upanga

Bhasma sitoi, mkuu. Natoa mimea mitupu, mmoja kwa wakati, ili likitokea jambo nijue limetoka wapi. Dawa ya hospitali simpunguzii mtu, anayeiandika ndiye wa kuipunguza.

Mama, shikamoo. Kuhusu beseni la unga umenikamata. Ana binti wa kidato cha nne, nitamwita waje wote wawili.

Shangazi_Temeke

Mwanangu daktari, mimi ni mgonjwa tu. Nilipewa vidonge vyeusi vya "mitishamba", siku ya tatu nikawa nashuka ngazi mbio. Baada ya miezi uso ukajaa, sukari ikapanda. Hospitali wakasema vidonge vile vilikuwa na steroidi ndani, na wakanikataza kuacha ghafla, wakawa wananishusha kidogo kidogo.

Ninachokuomba, mgonjwa mwambie wiki ya ngapi ategemee nini. Yule wa vidonge aliniambia siku tatu, na zikawa tatu kweli! Wewe ukisema "taratibu tu, mama", mimi nitasikia hujui. Na mwulize anatumia nini kingine, kwa upole. Ukimsema mganga wake atakuficha.

Mfamasia_Kigoma

Kweli kabisa shangazi. Dawa ya asili ikimaliza uvimbe ndani ya siku tatu, ilete tuitazame.

DaktariMpya_Upanga

Shikamoo shangazi, nimekuelewa. Nitamwambia hivi: wiki mbili za kwanza hamu ya kula na wepesi wa mwili, vidole vinafuata baadaye, na ikifika wiki ya sita daftari halijasogea tunakaa upya. Majibu ya damu yakija na rheumatoid, yaani hiyo baridi yabisi ya kinga, anakwenda kliniki ya viungo, mimi nabaki na chakula na mchanga.

Mama Vaidya, moja la mwisho: mafuta ya nyonyo unampa lini na kiasi gani?

MamaVaidya_Msa

Utando ukishatoka ulimini, njaa ikirudi. Hakikisha hana mimba wala vidonda vya tumbo. Kijiko cha chai na maji moto ya tangawizi, tena usiku wa kuamkia siku asiyokaanga maandazi, usimwaibishe mtu mbele ya wateja wake.