MREJESHO: Laki nane na nusu kwa Toyota IST inayogonga mbele

Wakuu, niliuliza kama 850,000 ni bei halali kwa IST inayogonga mbele nikipita kwenye mashimo: shokapu mbili, stabilaiza linki (vijiti vya kuunganisha shokapu na chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), boljointi (kiungo kinachoruhusu tairi kukata kona na kupanda-kushuka) na ufundi. Mkasema niombe mchanganuo. Fundi alinuna kidogo, kisha akaandika nyuma ya risiti: spea 610,000, ufundi 240,000.

Spea nimezizungukia Kariakoo, tofauti haizidi elfu thelathini. Hapo simlaumu, naye ana nauli na usumbufu. Utamu ulikuwa kwenye ufundi. Ametoza shokapu kivyake na linki kivyake, wakati kwa gari hili linki imefungwa kwenye shokapu yenyewe. Huwezi kutoa shokapu bila kuifungua.

Fundi wa pili alipiga jeki, akashika tairi juu na chini akalitikisa. Boljointi haichezi kabisa, yaani bado nzima. Shokapu ya kushoto imevuja, vumbi limegandia mafuta mpaka chini. Ya kulia kavu, ila hizi hubadilishwa kwa jozi, nimekubali. Linki zote mbili mipira imechanika.

Nimerudi kwa yule wa kwanza, anaijua gari na yuko jirani. Boljointi (110,000) tumezifuta, ufundi umeshuka hadi 130,000, jumla 630,000. Spea za zamani nimedai, ziko kwenye buti.

Kugonga kumeisha. Sasa nikikata kona yote kushoto inalia ka-ka-ka, anasema ni sivijointi (kiungo cha ekseli kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi). Hiyo mpaka mshahara utoke.