Kabichi, managu ama sukuma kwa mvua hii?

MkulimaMpya: Hamjambo wakulima. Nina shamba kidogo Bahati, kule Nakuru, nataka kupanda mboga masika yakianza. Nimekwama kati ya kabichi, managu (mnavu) na sukuma wiki. Jumamosi hii naenda kununua mbegu. Ipi inalipa?

Mzee_wa_Njoro: Kidogo ni kiasi gani? Maji unayo ama unangoja ya Mungu? Unakaa hapo ama wewe ni mkulima wa simu? Hata fundi nguo hupewa kipimo kwanza.

NyarAhero: Managu! Sisi Waluo tunaita osuga. Kabichi unangoja miezi mitatu, unakata mara moja, umemaliza. Osuga wiki ya tano ama ya sita unaanza kuchuma. Kata shina juu kidogo ya ardhi, liache litoe matawi, unarudi kila wiki. Hapo soko la Kibuye, Kisumu, ukifika na mafungu asubuhi hutarudi nayo nyumbani.

MkulimaMpya: Samahani, nilisahau. Ni futi hamsini kwa mia, maji ni ya tangi la paa tu. Mimi niko Nairobi. Mama ndiye yuko shambani, ana miaka 68.

Mzee_wa_Njoro: Na hayo ndiyo ulisahau! Sasa NyarAhero, mama wa miaka 68 ainame kuchuma kila wiki? Panda kabichi. Futi mbili kwa mbili, ukitoa njia, unapata kama vichwa 1,200. Kabichi aina ya Gloria inachukua kama siku 90 tangu uihamishe kutoka kitaluni. Lakini kitalu nacho kinataka wiki nne hadi sita. Kama hujasia bado, mbegu ya Jumamosi itakuta mvua imeenda mbali. Nunua miche.

Wa_Chavakali: Miche ya kununua! Ngojeni niwaeleze. Mwaka juzi nilichukua miche 800 kando ya barabara, muuzaji akaapa ni Gloria. Nikaweka samadi, baadaye mbolea ya CAN. Mwezi wa pili baada ya kupanda naona mambo: mingine imefunga vichwa, mingine imebaki majani wazi kama sukuma iliyokasirika. Halafu majani yakaanza umanjano kutoka ukingoni, umbo la V, mishipa imekuwa myeusi. Afisa wa kilimo akasema ni uozo mweusi, huja na mbegu yenyewe na mvua huusambaza. Nikabaki na kama 500 za kuuza. Dalali akasema lori linakuja Jumanne. Jumanne mvua, barabara matope. Alhamisi simu haishikwi. Lori lilifika Jumatatu iliyofuata, na kabichi zilishakomaa, zimekunywa maji hadi zikapasuka katikati. Dalali akapita akizigusa kwa kiatu, akasema shilingi tano kichwa. Nikamwambia aende salama. Ng'ombe walikula wiki mbili. Hadi leo mama watoto akikata kabichi huniangalia tu, hasemi kitu.

Mzee_wa_Njoro: Pole sana, lakini hiyo ni kosa la miche, si la kabichi.

Wa_Chavakali: Na wewe ndiye umemwambia anunue miche!

Shangazi_Molo: Mnamsahau sukuma. Mama anachuma ya kupika, jirani ananunua ya shilingi kumi, hakuna dalali. Ila apande mbali na kabichi, ni ndugu. Vile viwavi vidogo vya kijani vinavyoning'inia kwa uzi ukivigusa hula zote mbili. Na ukipiga dawa, soma siku za kungoja kabla ya kuvuna. Watu wanapiga leo wanauza kesho. MkulimaMpya, msimu uliopita hapo palikuwa na nini?

MkulimaMpya: Viazi. Vilinyauka vingi.

Shangazi_Molo: Basi managu hapo hapana. Managu, viazi na nyanya ni ukoo mmoja, ugonjwa wa mnyauko hubaki udongoni.

NyarAhero: Mimi nimepanda osuga palipokuwa na nyanya na ikatoka vizuri.

Shangazi_Molo: Mara ngapi?

NyarAhero: Mara moja. Basi apande saga, ile mboga chungu ya majani. Aondoe maua mapema, majani yaendelee kutoka. Jua likiwaka sana hukimbilia maua.

Wa_Chavakali: Saga bila maziwa ni adhabu.

NyarAhero: Maziwa yalale nayo usiku kucha, uchungu unaisha.

Wa_Chavakali: Usiku mmoja? Kwetu ni siku tatu, unapasha moto na kuongeza maziwa kila jioni. Na mboga ya mrenda lazima uipike na munyu wa majivu, si magadi ya dukani.

Mzee_wa_Njoro: Mtoto wa watu aliuliza mbegu, nyinyi mmefika jikoni.

MkulimaMpya: Nimempigia mama nikamsomea yote. Amesema yeye anataka kunde.

Mzee_wa_Njoro: Kunde? Na baridi ile ya Bahati?