Nilimjibu mdadisi "hapana", na kidole changu hakikunji

Fundi Samani (Keko, Dar)

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanikera tangu Jumatano. Wenye ujuzi na hizi tafiti za afya naomba mnisaidie.

Alikuja binti mmoja mdadisi, kaongozana na mjumbe wetu, ana kishikwambi mkononi na kitambulisho shingoni. Nyumba yetu ina watu wazima wanne. Kishikwambi kikanichagua mimi, tukakaa uwani kwenye benchi nililokuwa nalipiga msasa. Akauliza chumvi, sigara, mboga za majani, akanipima presha mara tatu. Halafu akasoma swali, nalikumbuka karibu lote: katika miezi 12 iliyopita, ukiacha ajali za barabarani, umewahi kuumia kwa bahati mbaya kiasi cha kuhitaji matibabu?

Nikajibu hapana, hata sikufikiri. Mke wangu akapaza sauti toka jikoni, "Baba Zuhura, na kidole je?" Nikamwambia kile si kitu, sikwenda hospitali mimi.

Sasa kidole chenyewe. Siku chache kabla ya Ramadhani nilikuwa nasafisha tundu la mguu wa kiti cha mninga, kushoto nimeshika mti, kulia nasukuma patasi. Ikateleza ikaniingia kiganjani, chini ya kidole cha shahada. Maranda yote yakawa mekundu. Jirani mwenye duka la dawa akanishona nyuzi tano kwa elfu ishirini, siku ya tatu nikawa kazini. Tangu hapo kidole hakikunji hadi mwisho, kushika msumari nimejifunza upya.

Je, nilidanganya? Tena humu ndani yupo mtoto wa kaka yangu, bodaboda, mwaka huu kaanguka mara mbili na mara moja kalazwa. Yeye hakuulizwa hata jina. Hiyo hesabu ya majeruhi itatoka wapi?

Mdadisi wa Zamani (Voi)

Bwana fundi, pole kwa mkono. Mwaka 2015 nilikuwa kati ya wadadisi wa STEPS, utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza, huku Kenya. Tulihoji watu wa miaka 18 hadi 69, wapatao 4,500 nchi nzima, mmoja kwa kila nyumba. Maswali ya majeraha yalikuwemo, kwa hiyo binti wako namwelewa vizuri.

Hukudanganya. Ila swali linauliza kama jeraha lilihitaji matibabu, wewe ukajibu kama ulikwenda hospitali. Kidonda cha nyuzi tano kilihitaji, hata kama kingeshonwa chini ya mwembe. Na mdadisi amefunzwa kusoma swali lilivyoandikwa, asilipambe wala asimwongoze mtu. Nilimhoji mama mmoja mwenye kovu la moto mkononi, jekundu bado, akasema hajaumia mwaka huo. Nikatazama kovu, nikatazama simu, nikajaza hapana. Nimewahi kuhoji mamia ya watu, na sura yake ndiyo inayonirudia.

Kuhusu bodaboda wenu usisumbuke. Kwenu amechaguliwa ami yake, nyumba nyingine atachaguliwa bodaboda na ami yake aachwe. Tungekuwa tunamfuata aliyeumia, ripoti ingeonyesha nchi nzima imefungwa plasta.

Nesi wa Zamu

Kaka, kabla ya takwimu: ulichomwa sindano ya pepopunda? Na huyo jirani alikwambia ujaribu kukunja kidole kabla hajashona? Kidole kisichokunja baada ya kukatwa kiganjani huenda kano, ile kamba inayovuta kidole, imekatika. Ngozi inashonwa juu, inapona vizuri, chini ncha mbili za kano zimeachana. Ilitakiwa iungwe mapema, siku za mwanzo au wiki chache. Hata hivyo nenda ukaonwe, wa mifupa watakupima kila kiungo peke yake.

Halafu wakuu tusimlaumu sana kwa kwenda duka la dawa. Wengi wanaoumia kwenye ugomvi au pikipiki wanaogopa kuulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, wanaona kituo cha polisi kipo mbali kuliko maumivu. Hao nao mdadisi akija watasema "hapana, nilipaka dawa tu".

Mzee wa Mbagala

Elfu ishirini nyuzi tano! Umeshonewa kidole au kochi?

Mwanachuo Takwimu

Mkuu, lipo na suala la kusahau. Ghana waliwahi kulinganisha, matokeo yakatoka 1999: ukihesabu majeraha ya mwezi mmoja tu uliopita, unapata kiwango cha 27.6 kwa watu 100 kwa mwaka. Ukihesabu miezi 12 nyuma, watu walewale, kinashuka hadi 7.6. Majeraha makubwa, yale ya kukaa nje ya kazi mwezi na zaidi, hayasahauliki hivyo. Madogo ndiyo yanayoyeyuka. Utafiti wa namna hiyo umefanyika kwetu pia, Dar na wilaya ya Hai, ukachapishwa 2005, na mwelekeo ni uleule. Wewe ulirudi kazini siku ya tatu, kwa hiyo uko kundi la wanaosahau.

Fundi Samani (Keko, Dar)

Mwanachuo, mimi sikusahau. Nakiona kila nikishika msumari. Nilikidharau tu.

Mzee wa Mbagala, kochi nafunga kwa bei kubwa zaidi ya hiyo, karibu.

Dada nesi, sindano sikuchomwa. Jumatatu nakwenda, mke kashanitolea nauli na kuiweka juu ya kabati ili nisipate kisingizio.

Mrejesho: ile karatasi ya ridhaa aliyoniachia ilikuwa na namba ya msimamizi. Nimepiga, leo asubuhi binti karudi, hakununa hata kidogo. Kauliza upya, nimejibu ndiyo. Chanzo: kukatwa. Tukafika "ulikuwa wapi ulipoumia", kuna nyumbani, kuna kazini, na mengine. Nikakwama. Karakana yangu ni huu uwa, hatua nne toka jikoni. Nikasema kazini. Mke wangu anashikilia ni nyumbani, maana damu alideki yeye.

Binti katungoja tumalize kubishana. Mdadisi wa Zamani, nyie mlikuwa mnajaza nini?