"Toa hicho kikopo magari yaingie"!! Mbele ya mama mkwe wangu!!

Wakuu sisalimii, nina hasira. Nimetoka sendofu hapa Mbeya sasa hivi, hata pilau sijagusa, naandikia ndani ya gari. Yule jamaa mnamjua, Mbeya nzima mnamjua, mwenye lile gari la kifahari, dude jeusi ambalo likipiga honi Mafiati wa Uyole wanapisha.

Nimefika mapema nikapaki IST yangu, Toyota ndogo, karibu na geti la ukumbi maana mama mkwe miguu inamsumbua. Hajashuka, ndo anatafuta kiatu chini ya siti, jamaa huyo nyuma, piii piii piiii, kashusha kioo vidole viwili tu ubaridi wa AC usitoke (AC! Mbeya! Mwezi wa 7! Watu tuna makoti!) akasema kijana toa hicho kikopo magari yaingie.

MAGARI YAINGIE. Kwa hiyo mimi nimekuja na nini? Mama mkwe alikuwa amekalia nini, ndoo?

Kwa bei ya lile dude ukoo wetu wote kuanzia Tukuyu mpaka Kyela kila mtu angepata IST, na watoto wa tumboni wakawekewa oda. Halafu juzijuzi tu shokapu zake za upepo zimekata pale Uyole likalala tumbo chini kama ng'ombe aliyegoma mnadani, spea imesubiriwa mpaka mahindi yakakomaa, na mwenyewe kaondoka na bajaji. Mimi shokapu nafuata Mwanjelwa asubuhi, mchana nipo barabarani. Sasa hela yote ile umelipia nini, kiti cha ngozi? Magari yaingie! Mama mkwe mpaka sasa hajaongea, anaangalia dirishani tu.

KiaziMviringo: Pole mkuu. Swali moja, ulitoa au hukutoa?

Mleta uzi: Nilitoa. Mama mkwe alisema toa tu baba. Ndo kinachoniuma.

KiaziMviringo: 😂😂😂 Uzi ufungwe.

MamaParachichi: Umeonewa kaka. Ila na nyie wa IST mnapaki getini kama ukumbi mmejenga nyie.

GiaNambaMbili: Watu wananunua nembo tu. Toyota Harrier ya kwanza ile ya 1997 ndo hiyohiyo ilivuka kwenda Marekani ikabandikwa Lexus RX 300 ikawa gari ya kifahari. Huku kwetu inabeba mbolea.

MzeeWaMakambako: Acheni wivu vijana. Panda mlima Kitonga na IST ina watu watano na gunia la viazi, halafu panda na Land Cruiser V8, utajua hela inaenda wapi.

GiaNambaMbili: Inaenda serikalini mzee. Cc za injini zikizidi 2000 ushuru wa bidhaa asilimia 10, IST asilimia 5. Bado mafuta.

Mleta uzi: Jamani sijaongelea Kitonga, naongelea GETI. Mama mkwe alikuwa NDANI ya gari.

DerevaWaIlula: Kitonga gari yoyote inapanda, tatizo malori. Jana limekufa moja kwenye kona tumekaa masaa manne, V8 tatu na IST zote foleni moja, tunagawana mahindi ya kuchoma.

MamaParachichi: Afadhali wewe umekula mahindi. Mimi bajaji kanitoza buku mbili Kabwe mpaka Soweto na chenji kanipa pipi.

KiaziMviringo: Buku mbili?? Huyo alikuona mgeni.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Alisema MAGARI YAINGIE.

MamaParachichi: Mgeni nani? Nimezaliwa Igawilo mimi!

DerevaWaIlula: Pipi yenyewe ilikuwa ya mia au ya hamsini?