Sayari 6000 "zimethibitishwa" na karibu zote hakuna aliyeziona, tuamini?

Mzee wa Kaunta:
Wajameni nauliza tu msinirukie. Septemba 2025 NASA walitangaza sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wa jua letu zimepita 6000, hongera zao. Ila humo humo wanasema zilizopigwa picha moja kwa moja hazifiki 100. Sasa hizo nyingine zote mmezithibitishaje? Mwanga wa nyota ukipungua kidogo, eti sayari imepita mbele. Nyota ikiyumba, eti sayari inaivuta. Ni kumfunga mtu jela kwa sababu mlango ulicheza. Na sisi Watanzania tumeingizwa humo humo, kuna moja inaitwa Tanzanite, nani kaiona?

Fundi Simu:
Mlango ukicheza kila baada ya siku zile zile, saa ile ile, mwaka wa kwanza mpaka wa kumi, mkuu bado utasema upepo?

Mzee wa Kaunta:
Nitasema nikachungulie.

Mwalimu wa Zamu:
Kwanza kupungua kwa mwanga peke yake hakutoshi na wenyewe wanalijua hilo, maana kunaweza kuwa na nyota mbili huko nyuma zinazungukana, moja ikiziba nyingine unaona kitu kile kile. Ndiyo maana hiyo Tanzanite (jina lake la kazini WASP-71b) kamera za mradi wa WASP wa kusaka sayari zilivyoona mwanga unapungua kila baada ya siku kama tatu haikutangazwa hapo hapo, ikabidi mwanga wa nyota yake uchanganuliwe uangaliwe ile mistari myeusi inayoonekana ukitawanya mwanga wake kwa rangi. Mistari ikisogea upande wa bluu nyota inatujia, ikisogea upande wa nyekundu inatukimbia. Kwenda na kurudi huko kukilingana na ule muda wa kupungua mwanga, hapo una njia mbili tofauti zimekupa jibu moja, na unapata na uzito wake juu. Sayari 51 Pegasi b ya wanasayansi Mayor na Queloz 1995 ilipatikana kwa kuyumba tu, nyota inakwenda na kurudi mita 50 na kitu kwa sekunde, mzunguko siku 4.2, wakapewa Nobel 2019. Tatizo watu msiosoma mnadhani wenzenu wanapiga ramli.

Mzee wa Kaunta:
Watu tusiosoma. Haya. Mimi nimeuza duka miaka yote nikasomesha watoto, mmoja injinia, leo naitwa sijasoma na mtu anayejiita mwalimu wa zamu. Zamu ya kufagia?

Jirani wa Naivasha:
😂😂 Wacha nicheke. Lakini hapo kwa Tanzanite nyinyi watu wa TZ hamna haya. Mnapewa nafasi ya kuipa sayari jina, dunia nzima inaangalia, mnaipa jina ambalo lilitungwa na duka la vito la New York, Tiffany, miaka ya sitini huko. Sisi 2022 tulipewa GJ 1214b tukaiita Enaiposha, Kimaasai safi, maji makubwa, na nyota yake Orkaria ile rangi nyekundu, na kweli nyota yenyewe ni nyekundu. Hiyo ndiyo kufikiria.

Kimbunga:
Wewe jirani jiwe linachimbwa Mererani tu, dunia nzima hakuna kwingine, halafu mlikuwa mnaliuza kama lenu. Unaongelea haya gani?

Jirani wa Naivasha:
Nimejua tu mtafika huko. Haikosi dakika kumi.

Bint Pangani:
Jamani turudi kwa Mzee, maana ameuliza kitu cha maana ila amekishika kichwa chini. Anataka aione ndiyo aamini. Sasa kuna iliyoonwa. Fomalhaut b, 2008, picha ya darubini ya angani Hubble, nukta kabisa unaiona mwaka huu iko hapa mwaka mwingine imesogea, magazeti yote, mpaka jina ikapewa 2015, Dagon. Picha za 2014 haipo. 2020 watafiti wakasema ile haikuwa sayari, ni wingu la vumbi, vitu viwili viligongana vumbi likatawanyika mpaka likapotea. Kwa hiyo iliyopigwa picha ndiyo haipo, na 51 Pegasi b ambayo tulianza na kuyumba tu ipo mpaka leo. Macho siyo shahidi bora, Mzee.

Kimbunga:
Na hata hiyo nyota ya Tanzanite inaitwa Mpingo, jina letu, mbona hilo hulisemi? Unachagua chagua.

Jirani wa Naivasha:
Nyota sawa. Nimesema sayari.

Fundi Simu:
Halafu Enaiposha maji makubwa yako wapi? Watu walidhani inaweza kuwa na maji mengi sababu si nzito sana kwa ukubwa wake, lakini darubini ya angani Webb ilivyoiangalia 2023 ikakutana na ukungu mzito juu unaorudisha mwanga mwingi, chini kuna nini mtu hajui vizuri. Mmeipa jina la maji kabla maji hayajathibitishwa 😂

Jirani wa Naivasha:
Walipata dalili za mvuke wa maji pia, soma yote usisome nusu.

Fundi Simu:
Dalili. Muulize Mzee wa Kaunta anavyozipenda dalili.

Mzee wa Kaunta:
Mimi nisihusishwe, bado nasubiri Mwalimu aniombe radhi.

Mpita Njia:
Mzee ana haki kidogo lakini. 2012 walitangaza sayari kwenye nyota Alpha Centauri B, jirani yetu kabisa miaka minne na kitu ya mwanga, ikatoka kwenye jarida la Nature, kila mtu shangwe. 2015 watu wa Oxford wakachukua data zile zile wakaonyesha ile ishara imezaliwa na mpangilio wa siku za kupima tu. Nyota inachemka usoni kwake, ina madoa, na walichokuwa wanatafuta ni nusu mita kwa sekunde. Dunia yetu inaliyumbisha jua sentimita 9 tu kwa sekunde, sasa mtu akija kunambia amepata dunia nyingine kwa njia ya kuyumba namuuliza jua lake limetulia kiasi gani.

Mwalimu wa Zamu:
Na aliyegundua kosa ni nani? Wanasayansi wenyewe. 1991 Andrew Lyne na wenzake Uingereza walitangaza sayari kwenye pulsa (mabaki ya nyota iliyokufa, yanazunguka na kutoa mipigo ya redio), mzunguko miezi sita, miezi sita! Kumbe hawakuondoa vizuri mwendo wa dunia yetu wenyewe. Januari 1992 akasimama mbele ya mkutano Marekani akasema nimekosea, ukumbi ukampigia makofi. Na mkutano huo huo mwanasayansi mwingine, Wolszczan, akaeleza sayari za kwake kwenye pulsa nyingine, hizo zipo mpaka leo.

Mzee wa Kaunta:
Umeona? Lyne alisimama. Wewe umekaa.

Bint Pangani:
😂😂😂 Mwalimu hapo sina la kukusaidia

Mwalimu wa Zamu:
Sikumtaja mtu jina. Nilisema watu msiosoma, kama limekukaa ni wewe.

Kimbunga:
Haya na kamera za WASP zilikuwa wapi? Moja La Palma, nyingine Sutherland Afrika Kusini. Afrika! Mnabishana majina hapa, wenzetu wa kusini wana eneo la darubini siku nyingi, sisi mlima tunao, giza tunalo, kila kitu tunacho.

Jirani wa Naivasha:
Giza mnalo, hilo halihitaji kuthibitishwa. TANESCO wameshathibitisha.

Kimbunga:
Na Kenya Power?? Mnazima uwanja wa ndege mzima mnakuja kucheka hapa?

Fundi Simu:
Tuanze uzi mwingine wa umeme jamani, huu wa sayari umeshakufa.

Mzee wa Kaunta:
Haujafa. Mwalimu bado yupo mtandaoni namuona.