Slasha ya trekta inakata bolti kila siku, naombeni ushauri (niko Likoni)

Mwana wa Mtongwe

Salaam aleikum ndugu zangu.

Nafyeka viwanja na mashamba kwa trekta, pande za Likoni na Mtongwe hadi kuteremkia Ng'ombeni. Trekta ni Massey Ferguson 240. Slasha, yaani mashine ya kufyekea nyasi, ni ya futi 5, ya visu viwili, inayofungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma. Mvua za masika zimenyesha vizuri, nyasi zimefika kifuani, kazi ni nyingi kuliko siku za wiki.

Shida ni kwamba kwa siku nne nimekata bolti saba za usalama, ile bolti moja inayoshikanisha shafti ya PTO (chuma cha nyuma ya trekta kinachozungusha mashine) na shingo ya giaboksi, yaani mhimili unaotokeza kwenye kasha la gia la slasha. Ningekuwa nagonga visiki au mawe ya matumbawe ningeelewa, maana huku kwetu mawe hayo yamejaa. Lakini hukatika kwenye nyasi tupu, au pale pale ninapotia PTO kabla sijasogea hata hatua.

Kuna mengine mawili. Slasha inatetemeka mpaka nahisi kwenye kiti, na nikiinyanyua mtetemo unazidi, shafti inagonga tak tak tak. Na giaboksi imeanza kuvuja oili kwa mbele, pale shafti inapoingilia.

Yote haya yameanza baada ya krosi ya shafti (kiungo cha umbo la msalaba kinachoiwezesha kupinda) kufa mwezi uliopita. Fundi mmoja aliichomoa shafti, akatia krosi mpya, akairudisha. Mimi sikuwepo.

Nimeahidi kumaliza ekari 6 za minazi kabla ya Ijumaa. Kila bolti ikikatika nalala chini ya chuma nusu saa kutoa kile kipande kilichobaki ndani. Trekta hii ndiyo inayolisha nyumba yangu. Mwenye ujuzi anisaidie.

Dereva wa Miritini

Kaka pole. Mimi nilisumbuka hivyo hivyo, nikatia bolti ngumu ya 10.9, sasa mwezi wa tatu haijakatika. Nenda duka lolote la bolti na nati mjini, angalia namba kichwani. Utasahau.

Babu Giaboksi

Wanangu, tafadhali, hilo msilifanye.

Ile bolti imewekwa ili ife yeye badala ya kitu cha ghali. Namba ya kichwani ina maana: 4.6 huvumilia kiasi cha megapaskali 400 (kipimo cha uimara wa chuma) kabla ya kukatika, 8.8 huvumilia 800, na 10.9 huvumilia 1,000. Ukiweka 10.9 mahali pa 4.6 umeipa nguvu mara mbili na nusu. Kisu kikishika kisiki cha mnazi, ile nguvu haipotei, inatafuta kilicho dhaifu kinachofuata, nacho ni jino la giaboksi, au krosi, au kile chuma cha ndani ya trekta kinachotoa PTO. Nimefungua giaboksi tatu kwa mikono yangu ambazo meno yake yalikuwa kama kinywa cha mzee, na zote tatu zilikuwa na bolti ngumu. Bolti unainunua kwa shilingi chache. Giaboksi utauza mbuzi.

Mwana wa Mtongwe, kabla ya ushauri nataka majibu. Bolti unayotumia imeandikwa nini kichwani, na unene wake ni milimita ngapi? Ina uzi mwili mzima au nusu? Tundu lenyewe bado ni duara? Na unapotia PTO, injini inakuwa kwenye mwendo gani?

Neno jingine, nimeona umesema unalala chini ya chuma. Usilale chini ya slasha iliyoshikwa na haidroli peke yake. Mpira ukipasuka, au mtoto akigusa wenzo, inashuka yote. Iteremshe juu ya magogo mawili, zima injini, ufunguo utie mfukoni mwako.

Mama Minazi

Mimi si fundi ila nina shamba la minazi na maembe Kilifi na slasha yangu imenifunza mengi. Hebu inama utazame katikati, pale visu vinapofungwa kwenye ile sahani. Yangu ilikuwa inakata bolti kila asubuhi. Kumbe waya wa seng'enge na kipande cha jarife la kuvulia vilijizungusha pale juu ya sahani, chini ya giaboksi, vikakaza kama kamba ya kitanda. Kijana wangu alikaa saa nzima na kisu akivikata. Na visu vyenyewe, injini ikiwa imezimwa, visukume kwa mti: lazima vicheze kwenye bolti zake, vikikunjwa virudi. Kikishika kutu kimoja kikabaki nyuma, uzito unaenda upande mmoja na slasha nzima inacheza ngoma.

Nawe mwanangu usikaribie ile shafti na kikoi. Kinga yake ya plastiki kama imevunjika, nunua nyingine kwanza ndiyo uendelee na mengine. PTO huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani 9 kwa sekunde. Ikishika kitambaa, karibu mita 2 zimekwisha kukunjwa kabla hujapiga ukelele.

Mwana wa Mtongwe

Shikamoo Babu, shikamoo Mama. Nimetoka kupima sasa hivi.

Bolti ni milimita 12, imeandikwa 4.6, uzi mwili mzima mpaka kichwani. Ndizo nilizopata dukani. Tundu la shingo ya giaboksi si duara tena: upande mmoja milimita 13, upande mwingine karibu 15. Tundu la yoki (ule uma wa shafti unaoshika krosi) nalo limepanuka kidogo. PTO, nakiri, naitia injini ikiwa imekwisha kupanda, kwa sababu ya haraka.

Seng'enge hakuna, ila kamba za nailoni zilikuwapo, nimezitoa. Kisu kimoja kilikuwa hakichezi kabisa! Nimekitia mafuta na kukigonga, sasa kinacheza. Visu vyote viwili niliviweka kwenye mizani ya duka la jirani, vimepishana gramu 150. Kumbe nilivinoa bila kupima.

Shafti ni ya mraba, chuma cha mraba ndani ya bomba la mraba. Bado mtetemo upo, hasa nikinyanyua.

Fundi wa Jomvu

Asante kwa kupima, sasa tunazungumza jambo linaloonekana.

Anza na bolti. Shingo ya slasha kama hiyo, nyingi, imetobolewa kwa bolti ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Angalia kitabu chake au kibati. Wewe umetia 12. Halafu ina uzi mwili mzima, kwa hiyo pale inapokatwa, chuma halisi kilichobaki chini ya uzi ni kama milimita 9.85. Piga hesabu ya eneo: nusu inchi nzima ni milimita za mraba 126 na ushei, yako ni 76. Una asilimia 60 tu ya bolti inayotakiwa. Na tundu la 15 linaiacha icheze, kwa hiyo kila PTO ikiingia haisukumwi, inapigwa nyundo. Ndiyo maana inakatika hata kabla hujasogea. Tafuta bolti ya nusu inchi ambayo uzi wake unaishia kabla ya pale inapokatwa, mwili laini ndio ubebe mzigo. Kichwa chake kisiwe na mistari, maana bolti za inchi huonyesha ugumu kwa mistari badala ya namba. Mistari mitatu tayari ni ngumu zaidi, sita ndiyo ngumu kabisa.

Tundu usilichomelee tu kisha ukatoboa kwa macho. Peleka shingo na yoki kwa mkerezaji (fundi wa kuchonga vyuma), watanue matundu yawe duara, watie bushi (vipete) za chuma zenye tundu la nusu inchi kamili. Wakati ujao zikiisha utabadilisha bushi, si shingo.

Sasa mtetemo. Nitakuambia ninachofikiri na wewe ukaangalie. Krosi ikifanya kazi kwenye pembe haitoi mwendo ulio sawa. Kila mzunguko mmoja hukimbia mara mbili na kupungua mara mbili. Kwa PTO ya 540 hiyo ni mara 1,080 kwa dakika. Krosi ya pili ipo ili ifute kosa la ile ya kwanza, lakini inafuta tu kama zile yoki mbili za ndani, za katikati ya shafti, zimelala mstari mmoja. Shafti ya mraba inakubali kuingia kwa pande nne. Ukiichomoa na kuirudisha ikiwa imegeuzwa robo mzunguko, krosi ya pili haifuti kosa, inaongeza juu yake. Na ukinyanyua slasha pembe inakua, kosa linakua nayo. Hiyo ndiyo tak tak tak yako. Shafti za bomba lenye umbo la ndimu hazina tatizo hili kwa sababu haziingii vibaya, lakini za mraba na za pembetatu zinaingia.

Laza shafti chini, itazame kutoka ubavuni. Yoki ya kushoto ikiwa imesimama, ya kulia lazima isimame. Kama moja imesimama na nyingine imelala, umempata mwizi.

Niliyekaa Baridi

Nimesoma nikakumbuka mbali. Nilifanya kazi miaka minne Kanada kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, sasa nimerudi nyumbani Kisauni. Kule trekta kama hizi hufungwa mashine ya kurusha theluji. Mbele ina skrubu kubwa inayoikusanya theluji katikati, nyuma kuna feni ya mapanga ya chuma inayoirusha juu kupitia bomba. Inaendeshwa na PTO hii hii na ina bolti hizi hizi za kukatika.

Asubuhi ya kwanza niliachiwa mashine, nikatia PTO, pah! Bolti. Nikatia nyingine, pah! Mzee wa shamba akaja, akazima trekta, akanionyesha: maji ya jana yameganda usiku, mapanga yameshikana na bodi kwa barafu. Tukayagonga taratibu mpaka yakazunguka kwa mkono, kisha tukatia bolti. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilikuwa nazungusha kwanza kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa, ndipo nawasha. Na theluji ya majimaji ikiziba bomba, tulizima kila kitu tukazibua kwa mti. Mkono hauingii mle hata iwe imetulia vipi.

Kwetu barafu hakuna, lakini hewa ya bahari inafanya kazi ile ile. Slasha ikilala wiki moja Likoni bila grisi, kisu kinashika kutu kama ulivyoona. Izungushe kwanza kila asubuhi. Na PTO itie injini ikiwa chini kabisa, achia klachi polepole, visu vikishapata mwendo ndiyo upandishe taratibu hadi alama ya 540 kwenye saa ya injini.

Mwana wa Mtongwe

Fundi wa Jomvu, Mungu akubariki. Moja imesimama, moja imelala. Nimekaa chini nikaitazama dakika tano nzima. Nimeigeuza robo, nikaiwasha bila mzigo: mtetemo umepungua kama si slasha ile. Kesho napeleka shingo kwa mkerezaji.

Swali limebaki la oili. Nibadilishe sili (ule mpira unaozuia oili isitoke) tu?

Babu Giaboksi

Usibadilishe sili kabla hujajua iliuliwa na nini. Shika shingo ya giaboksi kwa mikono miwili, itikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha, na sili mpya haitamaliza wiki, kwa sababu shafti inayoyumba inaitafuna. Kwa mtetemo ulioniambia, sitashangaa. Kisha tazama kile kizibo cha juu cha kupumulia. Kina kitundu kidogo. Kikizibwa na tope au rangi, giaboksi ikipata joto presha haina pa kutokea ila kwenye sili. Kitoe, kioshe kwa dizeli, kipulize.

Oili tia ya gia, SAE 90, mpaka kwenye kizibo cha kupimia ubavuni, usijaze hadi juu. Watu wengi huijaza kama birika halafu wakalaumu sili.

Na ukirudisha shafti hakikisha bomba na chuma vimeingiana angalau theluthi moja, na bado kuna nafasi ya sentimita mbili tatu mwisho zisigongane ukinyanyua. Grisi kwenye krosi kila baada ya saa 8 za kazi, na ule mraba upake pia, haukuumbwa kukauka.

Dereva wa Miritini

Babu nimesoma yote. Leo nimetikisa ya kwangu, shingo inacheza. Na nilipofungua kizibo oili ilikuwa inang'aa vumbi la chuma. Nilidhani nimepona kumbe ilikuwa inakwisha kimya kimya. Samahani kaka kwa ule ushauri.

Mwana wa Mtongwe

Kaka hakuna ubaya, ulitaka kunisaidia.

Narudisha majibu. Beringi ya mbele ilikuwa imekufa, nimetia mpya na sili yake. Kitundu cha kupumulia kilikuwa kimezibwa na rangi, mtu aliipaka slasha nzima bila kukifunika kwanza. Bushi zimekaa vizuri, bolti ya nusu inchi inaingia kwa kusukumwa na kidole, haitikisiki. Visu nimevisaga mpaka vikalingana uzito.

Ekari 6 nimezimaliza Alhamisi jioni. Bolti iliyokatika ni moja tu, na ilikatika kwa haki: kisiki cha mnazi kilichofunikwa na nyasi, kisu kikaingia, pah, slasha ikasimama, trekta ikabaki nzima. Nikateremsha juu ya magogo, ufunguo mfukoni, dakika tano nikatia nyingine. Kipande cha zamani kilitoka chenyewe.

Dereva wa Miritini, nimezungumza na mkerezaji, anakusubiri Jumatano. Njoo na shingo na yoki pamoja, na hiyo 10.9 ing'oe leo, usiende nayo kazini hata siku moja.