Biti za keekee za kabaidi za bei nafuu, nazipata wapi?

FundiWete: Assalamu alaykum wakubwa zangu. Mie natengeneza saketi za chaja za sola hapa Wete, bodi za faibaglasi. Biti za chuma za dukani zinakuwa butu upesi mno, matundu yanatoka na kingo zilizochanika. Nataka za kabaidi, ile ngumu kuliko chuma, 0.8 na 1.0 mm, bei ya mtu wa kawaida. Sokoni Darajani, Unguja, zipo?

MzeeWaRedio: Waalaykum salaam mwanangu. Faibaglasi ina nyuzi za kioo ndani, ndiyo maana chuma hakidumu. Agiza zilizonolewa upya. Viwanda vya bodi huziondoa kwenye mashine zikishapungua makali, zikanolewa na kuuzwa kwa paketi, bei chini ya mpya. Kwa kazi yetu zinatosha kabisa. Shina lake kwa kawaida ni 3.175 mm, hakikisha keekee yako inalishika.

BintiUmeme: Kaka, kabla pesa haijatoka: unatoboa kwa mkono mtupu? Kabaidi ni ngumu lakini haipindi hata kidogo, ukiyumba tu imekatika. Tafuta kwanza stendi ya kushikilia keekee isiyumbe, na mashine ya kasi, mizunguko 10,000 kwa dakika au zaidi. Wallahi stendi ni muhimu kuliko hizo biti.

FundiWete: Stendi sina, dada. Basi naanza na hiyo. Na miguu ya dayodi 1N4007, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, nitoboe kwa biti ipi?

MzeeWaRedio: 1.0 mm inapita. Na uvae barakoa mwanangu, vumbi lile si la kuvuta.